Amplifaya ya Mama Inachemka

4 Septemba

Mjomba wangu Waya,

Shikamoo. Sisi hatujambo, isipokuwa paka wa jirani ambaye amehamia kwetu bila kuaga huko alikotoka. Dirisha la jikoni limepata kioo kipya. Mimi bado niko kwenye kibanda cha kutengeneza simu, na mwenye kibanda bado anajiita injinia. Mama anakusalimu sana. Ndivyo alivyoniambia niandike, kisha niishie hapo hapo.

Sasa mimi siishii hapo. Mama alikuambia ana mafua, sivyo? Mafua gani ya miezi mitano, mjomba! Alipasuliwa koo mwezi wa nne. Alipona, anakula, anatembea, ananigombeza kwa macho. Lakini sauti haikurudi. Kilichobaki ni mnong'ono, na daktari amesema tusitegemee zaidi ya huo. Yule mwanamke aliyekuwa akisimama mlangoni akikuita "Wayaaaa!" mpaka mbwa wa mtaa mzima wananyanyuka, sasa akitaka chumvi anagonga meza kwa kijiko. Amenikataza kukuambia. Nimekuambia.

Mwalimu mkuu ni mtu mwema, lakini amesema wazi: shule ikifunguliwa Januari, kama watoto wa madawati ya nyuma hawamsikii, atamtoa darasani na kumpeleka stoo ya vitabu. Mama akaniandikia kwenye kikaratasi: "Vitabu haviulizi maswali. Bora nikae nyumbani." Mjomba, darasa la kwanza ndilo maisha yake. Wewe unajua.

Kwa hiyo nimemtengenezea amplifaya. Mwenyewe! Kisanduku cha mbao, spika ya gari, betri, na maiki ya kubana kwenye kola. Sikutaka aina uliyonifundishia wewe, ile inayokula betri nusu nzima kwa kujipasha moto tu. Hii ni klasi D. Transista zake hazikai nusu wazi nusu zimefungwa. Zinawaka na kuzima maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde, halafu koili na kapasita vinalainisha hayo mapigo yawe sauti tena. Inatakiwa iwe ya baridi. Watu wanaisifia kwa ubaridi!

Yangu inachemka. Koili nilizungusha mwenyewe kwenye pete moja ya chuma kutoka lile kopo la vifaa ulilomwachia Mama, nikafuata ule mchoro ulioubandika ndani ya kifuniko chake. Tukaipeleka darasani wiki iliyopita. Mama akaanza kusoma hadithi, watoto wakatulia, mimi nyuma nikajiona nimefika. Hadithi ilipofika katikati, bodi ikapata moto, ikajizima. Mama aliendelea kufungua mdomo na hakuna kilichotoka. Watoto walimtazama, naye akawatazama. Sitaki kuiona tena sura ile.

Nimekupigia simu mpaka nimechoka. Hupokei. Nisaidie.

Mpwa wako.

27 Septemba

Mpwa wangu, mjomba,

Marahaba. Nami ni mzima. Huku machimboni kokoto zinapasuliwa, vumbi tunalila, jenereta langu linakula dizeli kuliko wafanyakazi wanavyokula wali. Mpishi wa kambi ameoa, na tangu hapo chakula kimepungua chumvi. Msalimie huyo paka.

Simu huku haishiki. Hata ikishika, jenereta linapiga kelele, hatutaelewana. Tutumie barua. Dereva wa lori la maji anapita kwenu kila akishuka mjini.

Habari ya dada imenikata maini. Mafua! Na mimi nikamwandikia anywe tangawizi! Sitamwambia kuwa najua, lakini siku nikija atanijibu kwa hilo, mnong'ono au si mnong'ono.

Sasa acha kulia, tufanye kazi. Umeniambia "inachemka." Hiyo si habari, huo ni uvumi. Nani anachemka? Bodi ni kama nyumba ya kupanga: moshi ukitoka, usiwalaumu wapangaji wote, tafuta aliyeunguza sufuria.

Toa spika. Toa maiki. Washa, uiache ikae kimya kabisa, wewe kanywe chai. Ukirudi, zima kwanza, chomoa betri, ndipo uguse kifaa kimoja kimoja. Transista, rezista, kapasita, koili. Kidole chako ndicho mita yangu. Niandikie kipi unaweza kukishika kama unavyoshika kikombe cha chai, na kipi kinakufanya urushe mkono. Na usiweke feni! Nakujua wewe.

Uniambie kila kitu. Mpaka ijizime inachukua muda gani, kuna harufu gani, rangi gani imebadilika. Usiniache gizani.

Mjomba wako, Waya.

5 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima. Paka kazaa. Mama amewapanga watoto wa paka kwenye boksi kwa ukubwa, mwalimu ni mwalimu tu.

Feni nilikuwa nimeshaweka. Usinicheke. Maiki ikanasa upepo wake, Mama akawa anasoma hadithi ya sungura ndani ya kimbunga. Nimeitoa.

Lakini sikiliza! Nilifanya ulivyosema. Nikatoa spika, nikatoa maiki, nikanywa chai, nikarudi. Nilikuwa na hakika ni transista, maana ndizo zinazofanya kazi ngumu, nami nilishaziandalia bati kubwa la kupozea. Nikazigusa: vuguvugu tu. Kapasita, baridi. Rezista, kama uji wa jana. Halafu nikagusa koili. Mjomba! Nilirusha mkono nikaangusha birika! Ni koili! Waya na pete, kitu kisicho na akili hata kidogo, ndicho kinachopika wenzake wote. Transista zimekaa jirani yake, zinapata joto la kuazima, ndipo bodi inaogopa na kujizima. Nimeruka jikoni kama mwendawazimu. Mama alikuja mbio akidhani nimepigwa na umeme.

Lakini sielewi kitu. Hakuna spika, hakuna sauti, hakuna anayebeba mzigo wowote. Koili inachemka kwa kazi gani?

Jambo lingine. Dereva wa lori ameniambia hapo kambini mtandao unashika mpaka anaangalia mpira kwenye simu. Sasa wewe simu yako ni ya udongo? Mama akiniona naandika anasimama nyuma yangu akitaka kujua unasemaje, lakini nikimwambia "tumpigie" anaondoka kwenda kufagia mahali palipokwisha fagiwa. Na wewe hupokei. Mnanichosha nyie wawili.

Mpwa wako mwenye kidole cha malengelenge.

2 Novemba

Mjomba,

Marahaba, mpwa wangu, na pole ya kidole. Samahani kwa kuchelewa, lori liliharibika gia. Huku mvua imeanza, tope mpaka magotini. Mpishi amesikia malalamiko, sasa chumvi ni nyingi mno.

Umefanya kazi ya fundi! Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Koili! Nilipiga paja mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Kwamba inachemka bila mzigo, hilo ndilo jibu lenyewe. Wewe unadhani kimya ni kimya. Katika klasi D hakuna kimya. Maiki ikinyamaza, transista zinaendelea kuwaka na kuzima mbio zile zile, na koili inasukumwa huku na huku muda wote. Waya unavumilia. Pete ndiyo inayoweza kushindwa. Kuna pete za kasi na pete za mwendo wa polepole. Ukiitia ya polepole kwenye mbio hizo, chuma chake kinageuza mapigo kuwa moto, hata kama hakuna mtu anayesema neno.

Kwa hiyo angalia rangi ya pete, maana rangi ndiyo inayotaja chuma cha ndani. Ikiwa ni ya njano yenye upande mmoja mweupe, hiyo ilitoka kwenye pawasapulai, kile kisanduku cha umeme cha kompyuta, si ya kazi hii, itupe. Ikiwa nyekundu, ndiyo yenyewe, ndiyo niliyochora kwenye kifuniko. Na kama ni nyekundu na bado inachoma, basi nimekosea, tuzitazame transista: huenda moja inafunguka kabla mwenzake hajafunga. Badilisha zile rezista mbili ndogo za kwenye milango yake, pale inapoingia amri ya kuwaka na kuzima, uone.

Nasubiri. Kila lori likinguruma natoka nje.

Waya.

9 Novemba

Mjomba,

Shikamoo. Watoto wa paka wamefumbua macho. Basi, salamu zimeisha, sina raha.

Pete ni nyekundu. Nyekundu pyu, kama nyanya. Nilibadilisha zile rezista mbili. Transista zimepoa hata bati sihitaji tena. Koili inachoma vile vile. Nimetengua waya, nikauzungusha upya, nikakaza, nikalegeza. Inachoma. Shule inakaribia kufungwa. Jana Mama alianza kutoa picha zake ukutani darasani, zile za herufi, akazikunja vizuri, akazifunga kwa uzi. Nilimwambia asitoe. Akanipapasa shavu, akaendelea.

Nina hasira, kwa hiyo nitasema na lililobaki. Tangu tuanze kuandikiana umeniuliza joto, harufu, rangi, muda. Mpaka habari za chumvi ya mpishi umeniletea. Hujawahi hata mara moja kuniuliza amplifaya inalia vipi! Wewe! Wewe uliyekuwa unasimama mlangoni kwa mtu, redio iko chumbani, unasema "hiyo kapasita imekauka" kabla hujavua viatu!

Basi nakuambia bila kuulizwa. Haifurahishi. Mama akisema "sisi sote" ile "s" haipo, anatoka kama mtu aliyejifunika blanketi. Nilidhani ni koo lake. Nikajaribu mimi mwenyewe, na mimi pia nimefunikwa blanketi.

Kwa nini hukuuliza?

Mpwa wako.

28 Novemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimempa dereva soda ili aje moja kwa moja kwako, asipite popote.

"S" haipo! Blanketi! Mjomba, ungekuwa karibu ningekubeba mabegani! Sikia. Koili ndiyo inayozuia yale mapigo ya kasi yasifike kwenye spika. Ikiwa ya kiasi, inazuia mapigo na kupitisha sauti yote. Ikiwa na nguvu kupita kiasi, inaanza kuzuia na sauti nyembamba, na "s" ndiyo ya kwanza kufa. Umezungusha mizunguko ya pete nyekundu, sawasawa na mchoro. Pete nyekundu inastahimili kasi lakini nguvu yake ya kuzuia ni ndogo, mizunguko hiyo isingeweza kamwe kuua "s". Hivyo pete yako ina nguvu kuliko nyekundu. Hivyo si nyekundu! Sijali macho yako yanaona nini. Chukua kisu uikwangue. Ikwangue mpaka chini, sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma barua hii!

Umekwangua? Haya.

Umeniuliza kwa nini sikuuliza. Ningeuliza siku ya kwanza, jibu tungelipata siku ya kwanza, na dada asingetoa picha zake ukutani. Hilo ni kosa langu.

Sisikii, mjomba. Jenereta limeyamaliza masikio. La kushoto lilitangulia, nikasema bado nina la kulia. La kulia nalo mwaka huu likafuata. Sasa nikitaka kujua kama jenereta linapiga vizuri naliwekea kiganja. Najua kila bolti kwa kiganja. Simu yangu inashika vizuri tu. Inatetemeka mfukoni, naona jina lako, naiacha iishe, kwa sababu nikipokea nitasema "haloo, haloo" na wewe utajua. Na kuuliza "inalia vipi" niliogopa. Fundi anayeuliza mtu mwingine kitu kinalia vipi, huyo amekwisha. Hivyo ndivyo nilivyojiona.

Usimwambie dada. Atakosa usingizi.

Waya.

8 Desemba

Mjomba wangu, mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo!

Nitaeleza kwa mpangilio, nijizuie. Barua yako ilifika nikiwa jikoni na Mama. Nilianza kuisoma kwa sauti, kosa langu, furaha ilinizidi. Nilipofika "chukua kisu uikwangue," nikasikia kitu kimeanguka. Ni Mama, ameangusha kijiko. Anacheka! Anacheka bila sauti, machozi yanamtoka, anajipiga kifuani, ananionyesha pete, anajionyesha yeye. Nikadhani amepaliwa. Mwisho akanivuta sikio akaninong'oneza: "Hizo nilizipaka rangi mimi."

Mjomba, unakumbuka ulipomwachia kopo ulipoondoka kwenda machimboni? Alilipeleka shuleni! Watoto walikuwa wakijifunzia kuhesabu kwa pete zako! Akapaka nyingine nyekundu na nyingine buluu, kwa rangi iliyobaki ya milango ya darasa, ili wajifunze kutenga mafungu. Halafu akazirudisha koponi, kimya kimya, akijua unavyokuwa mtu akigusa vitu vyako. Sasa mwalimu wa kuhesabu ameharibu koili ya sauti yake mwenyewe!

Nikakwangua. Chini yake, njano! Na upande wa pili, mweupe! Nilipiga kelele mpaka mama paka akahamisha watoto.

Tukamwaga kopo lote mezani, tukakwangua mimi na Mama, kila mtu na kisu chake, kama tunamenya viazi. Njano, njano, njano. Kisha ikatokea moja ambayo kila nikikwangua wekundu, chini pana wekundu. Nikazungusha waya ule ule, mizunguko ile ile ya kifuniko chako. Nikalehemu. Nikawasha. Nikanywa chai. Nikazima, nikachomoa betri, nikashika koili.

Vuguvugu, mjomba. Kama yai lililotoka chini ya kuku. Nikaifumbata, nikakaa nayo hivyo.

Tuliifikisha darasani wiki ya mwisho kabla ya kufunga. Mwalimu mkuu akasimama nje ya dirisha la nyuma makusudi. Mama akabana maiki kwenye kola, akafungua daftari, akaanza kuita majina. "S" zote zipo! Watoto wa nyuma wakaitikia mmoja baada ya mmoja, na yule wa mwisho kabisa, ambaye huwa analala, alinyanyuka akasimama. Akaita majina, akasoma hadithi ya sungura mpaka mwisho, akawagombeza waliokuwa wanasukumana, na bodi haikujizima. Mwalimu mkuu aliingia akasema neno moja tu: "Januari." Mama amezirudisha picha ukutani.

Sasa lile lingine. Nilikwambia nilisoma kwa sauti. Baada ya "Haya" niliona yanayofuata ni ya siri, nikaendelea kimoyomoyo, lakini Mama si mtoto. Alinyoosha mkono, nikampa barua. Alisoma amesimama, akaisoma tena amekaa, kama wewe. Nisamehe. Chini hapa ameandika mwenyewe.

Mpwa wako.

*Mdogo wangu,*

*Kumbe tulikuwa tunakimbiana. Mimi niliogopa kupiga simu usije ukasikia kwamba sina sauti, na wewe uliogopa kupokea nisije nikajua kwamba husikii. Tumekaa miezi yote hii kila mtu amejificha nyuma ya mlango ule ule. Tangawizi yako niliinywa yote. Pete nisamehe, watoto walijua kuhesabu. Acha hilo jenereta. Kibanda cha simu kinahitaji fundi mwenye kiganja, na mwanao huyu anahitaji mtu wa kumzuia na feni. Nimekukumbuka mpaka naumwa. Njoo nyumbani tugombane kwa maandishi.*

*Dada yako*

20 Desemba

Mpwa wangu, na dada,

Marahaba kwako, na shikamoo kwake. Mpishi anawasalimu, chumvi sasa ni ya kiasi.

Nimecheka pete hizo mpaka nimekaa chini kwenye tope. Rangi ya milango! Dada, ningekuwa na nguvu ya kukasirika ningekasirika, lakini sina, nimefurahi mno. Nililia pia kidogo. Nayasema yote mawili.

Jenereta nimemkabidhi kijana mwenye masikio, nikamwachia na pamba za kuyaziba. Nakuja na lori la maji, nitafika kabla ya shule kufunguliwa. Kopo msiliguse.

Nina ombi moja. Siku ya kwanza ya shule, Januari, niwekeeni nafasi dawati la nyuma kabisa, na kile kisanduku kiwe karibu, niweke kiganja juu ya ubao wake. Usinitafsirie anachosema. Dada akimaliza kuita majina ya watoto, aongeze langu, la mwisho, alivute vile vile alivyokuwa akilivuta kutoka mlangoni. Najua linavyochukua muda kuisha. Kiganja changu kitalitambua.

Nitaitika.

Waya.